Nati Nne za Rangi Nyekundu

Spana ya wivu haigusi nati ya mwenyewe. Umeisema vizuri, Tatu, na wenzako wamecheka vizuri. Mmemsema yule fundi cherehani wa stendi mpaka mmetosheka, kisha mkanigeukia babu yenu mkauliza kama methali hiyo ni ya wahenga au ni ya hawa waendesha bodaboda. Si ya bodaboda, na wala si ya wahenga, maana mimi niliyekaa hapa ni mkubwa kuliko yenyewe. Methali hii ilianza hivi, na ninaijua ilivyoanza kwa sababu nati zinazosemwa zilikuwa zangu. Kaeni basi. Ila msiniulize kwa sauti kubwa, bibi yenu yuko jikoni, na kuna jina la mwanamke katika habari hii ambalo miaka arobaini haijamtosha kulizoea.

Mimi na Idrisa Shekalaghe tulijifunza ufundi wa magari pamoja, katika karakana moja, kwa mwalimu mmoja. Mwalimu wetu aliitwa Fundi Shekigenda, Mungu amrehemu, na alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila mwanafunzi alipewa kikopo cha rangi na brashi ndogo. Ukishakaza nati, unaigusa kwa brashi, doa moja tu, ili siku ikilegea ijulikane nani aliikaza. Rangi yangu ilikuwa nyekundu. Ya Idrisa ilikuwa buluu. Na desturi ile ilikuwa na sharti lake: nati yenye rangi ya mwenzako huifungui mpaka umemwita mwenyewe asimame pale. Sisi tulidhani ni heshima. Mwalimu alisema si heshima tu, ni akili, kwa sababu aliyekaza ndiye anayejua alichokaza.

Tulipohitimu, kila mmoja aliondoka na rangi yake. Mimi nikafungua gereji hapa Lushoto, karibu na soko. Mwaka haujaisha, Idrisa naye akafungua yake. Wapi? Ng'ambo ya barabara, lango kwa lango.

Sasa niwaambie ukweli, maana uzee hauna cha kuficha. Nilimwonea wivu mtu yule kwa kila kitu. Yeye alichimba shimo la saruji la kuingilia chini ya gari, mimi nililala chini juu ya gunia. Yeye alikuwa na redio. Mteja akiingia kwake, nilimhesabu kuwa ni wangu aliyepotezwa njia. Akicheka kule, tumbo langu linajikaza huku. Wala sikuwa na shida. Kazi nilikuwa nazo, na wateja wangu walinisifu. Lakini wivu si njaa. Mwenye njaa akila hutulia.

Mteja wangu mmoja alikuwa Mwalimu Hidaya Kihiyo.

Mnasikia? Sufuria imeshagonga. Nilikwambieni.

Mwalimu Hidaya alifundisha hesabu shule ya msingi. Alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, aliloachiwa na marehemu baba yake aliyekuwa karani wa mahakama. Lilikuwa gari kuukuu, kubwa kwa umri kuliko wanafunzi wake wote, na kila mwezi lilikuwa na jipya lake. Akilileta kwangu alikaa kwenye benchi langu akisahihisha madaftari ya watoto, na akikuta jibu la kuchekesha alinisomea. Nilimpenda. Sikumpenda kwa kujificha wala kwa kujiuma vidole. Nilimpenda nikamtuma shangazi yangu, Bi Mwanamvua, apeleke barua ya posa.

Lakini kabla ya posa kulikuwa na klachi, na hapa ndipo mtege masikio.

Klachi ya gari lile ilikuwa imekwisha. Ili kuibadilisha, lazima ushushe propela, lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Propela hufungwa nyuma kwa nati nne. Fundi Shekigenda alitufundisha kwamba kabla ya kuzifungua unachora mstari mmoja unaopita kwenye propela na kwenye kipande inachofungiwa, ili ukirudisha, mistari ikutane na propela ikae vile vile ilivyozoea kukaa. Nikachora mstari wangu mwekundu. Nikashusha, nikabadilisha klachi, nikaanza kurudisha.

Wakati narudisha, ng'ambo ya barabara Idrisa alikuwa anatundika kibao kipya. Kibao kikubwa cha bati, kimeandikwa na mwandishi wa kutoka Tanga. Watu wamejaa, wanapiga makofi, mmoja anasema kishushe kushoto, mwingine kulia. Mimi nimelala chini ya gari, shingo imegeukia kule, mikono inakaza nati kwa mazoea. Nilikuwa nasoma kile kibao herufi kwa herufi nikitafuta kosa. Hakikuwa na kosa. Nikamaliza, nikapaka madoa yangu mekundu, nikamkabidhi Mwalimu gari lake.

Wiki iliyofuata nilifiwa, nikaenda Mlalo msibani siku tano. Siku hizo hizo breki za gari la Mwalimu zikaanza kulia. Hakunikuta, akavuka barabara. Idrisa akazitengeneza.

Niliporudi ndipo shangazi akapeleka barua. Jibu alilokuja nalo lilikuwa la adabu. Mwalimu alisema barua ameipokea kwa mikono miwili, lakini baba hayupo na neno liko kwa mama, na mama yuko Korogwe, miguu haimbebi. Jumapili angeshuka kwa gari amchukue, aje akae naye siku chache hapa mlimani, wazungumze kwa nafasi. Baada ya hapo tungepata jibu. Shangazi akanikonyeza. Akaniambia mwanamke anayetaka kukataa hahangaiki kumfuata mama yake.

Jumatatu asubuhi Mwalimu akaja gereji, na mama hakuwa ndani ya gari.

"Gari linatetemeka, Fundi," akasema. "Nimegeuzia njiani. Niliogopa kumpakia mama."

"Limeanza lini?"

"Jana. Nilipoipita Mombo, kwenye tambarare, nikaongeza mwendo. Likaanza kutetemeka lote, hata kwenye kioo cha pembeni sioni kitu."

"Na hapa mjini?"

"Hapa halitetemeki. Hapa nani anakimbia?"

Alisema kweli. Mji wetu ni kona na vilima vitupu. Ukifika spidi ya hamsini umeshajitafutia balaa. Ugonjwa wa mwendo kasi unaweza kulala ndani ya gari la Lushoto mwezi mzima bila mwenyewe kuujua, mpaka siku atakaposhuka tambarare. Kila fundi wa hapa anajua. Kwa hiyo kulikuwa na swali moja la kuuliza, swali ambalo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeuliza: mara ya mwisho kukimbia tambarare bila kutetemeka ilikuwa lini? Angenijibu kwamba ilikuwa kabla sijambadilishia klachi. Sikuuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye magurudumu ya nyuma, kwenye madoa ya buluu, na nilichouliza ni hiki:

"Nani amekufanyia breki?"

"Idrisa. Wewe ulikuwa msibani."

"Alikukalisha wapi?"

Akanitazama. "Alinikalisha kwenye kiti."

"Alikupa chai?"

"Fundi Nuhu," akasema taratibu, kama anavyosema na mtoto aliyekosea kujumlisha, "chai inahusu nini na mtetemo?"

Tukashuka pamoja kulijaribu, mimi nimeshika usukani. Kwenye tambarare, mshale ulipofika sabini, likaanza. Usukani ulitulia mkononi, lakini kiti kilitetemeka, na sakafu ikatetemeka chini ya viatu. Fundi Shekigenda alitufundisha: ukitetemeka usukani, tazama mbele, ukitetemeka kiti, tazama katikati na nyuma. Nikakanyaga klachi, injini ikapumua, gari likabaki linakwenda kwa kasi yake. Mtetemo haukupungua. Basi si injini. Nikagusa breki kidogo, mtetemo ukabaki ule ule. Basi huenda si breki. Mikono yangu ilijua kwamba kilichobaki ni kile kinachozunguka katikati. Mikono ilijua, lakini moyo ulikuwa na mtu wake.

"Ni breki," nikamwambia Mwalimu. "Idrisa amekuharibia."

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu nilikuwa namwona Idrisa kila nilipofumba macho. Nilimwona anampa chai Mwalimu wangu. Nilimwona anasomewa majibu ya watoto. Nilijiambia kwamba hii safari ya Korogwe si ya kuzungumza posa yangu, ni ya kulinganisha posa mbili. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliyatunga mwenyewe, nikayaamini mwenyewe.

Jumanne nikayatoa magurudumu ya nyuma, nikafungua kila nati yenye doa la buluu. Idrisa aliniona kutoka langoni kwake. Akavuka barabara, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Nuhu," akasema, "hizo za kwangu ungeniita."

"Nikuite kwa kazi gani? Ya kupaka rangi?"

Waliokuwepo wakacheka. Nilizungumza kwa sauti ili wacheke. Idrisa alinitazama kidogo, akasema, "Haya, bwana," akarudi kwake. Nikaona nimeshinda.

Ndani ya breki sikukuta kosa. Kazi ilikuwa safi kuliko yangu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikakaza upya kila kilichokuwa kimekazwa, nikafunika buluu kwa nyekundu. Jumatano tukashuka tena. Sabini, na gari likatetemeka.

"Limepungua," nikasema.

"Halijapungua," akasema Mwalimu.

Alhamisi nikahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Tukashuka. Likatetemeka. Kumbukeni ni kilomita zaidi ya thelathini kushuka na nyingine kama hizo kupanda, kila safari Mwalimu anaomba ruhusa shuleni, na kila safari njiani maneno yake yanapungua. Mwanzoni alinisimulia habari za wanafunzi. Alhamisi alitazama dirishani tu. Mimi nikaona anamuwaza Idrisa.

Ijumaa nikaingia ndani zaidi. Nikafungua hata vibomba vinavyopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, kazi ambayo haikuwa na sababu yoyote duniani isipokuwa kwamba Idrisa alikuwa ameigusa. Nikavirudisha vitatu. Nilipokuwa kwenye cha nne, nimeshakianza kukikaza kwa vidole, nikainua kichwa. Ng'ambo ya barabara, langoni kwa Idrisa, Mwalimu Hidaya amesimama na kikapu chake cha soko. Wanazungumza. Mwalimu anamwelekeza kitu kwa mkono, Idrisa anatikisa kichwa. Kisha Mwalimu akatabasamu, akaenda zake.

Sikumbuki nilifanya nini dakika zile. Nakumbuka kwamba baadaye nilichukua brashi nikaigusa nati ya kile kibomba cha nne kwa rangi nyekundu. Spana sikuigusia. Nilipaka doa kwenye nati niliyoikaza kwa vidole.

Jumamosi asubuhi Mwalimu akasema liwe litakalokuwa, anakwenda kumchukua mama yake polepole, hata kwa spidi ya arobaini. Nikamwambia nitamsindikiza mpaka Mombo nilisikilize gari. Ukweli ni kwamba sikutaka apite mbele ya lango la Idrisa peke yake. Yeye akashika usukani, mimi nikakaa pembeni.

Mpaka Soni hakukuwa na tatizo. Tulipoanza kona za kuteremka, kila alipokanyaga breki mafuta yalikuwa yanatoka kidogo kidogo kwenye nati yangu ile ya vidole, nasi hatujui. Kwenye kona ya nne au ya tano nikamsikia anavuta pumzi.

"Fundi, pedali inashuka."

"Pampu!"

Akapampu. Pedali ikagota sakafuni. Kushoto kwetu kulikuwa na ukingo wa mlima, kulia hewa tupu mpaka kwenye miti ya bondeni. Mimi fundi, niliyejisifu wiki nzima, niliganda nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Mwalimu ndiye aliyelazimisha gia ya pili, injini ikalia, kisha ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akaupeleka ubavu wa gari kwenye ukingo wa udongo. Gari likasugua, likasugua, bampa ikachimba udongo, tukasimama. Palikuwa kimya. Nikasikia kitu kinadondoka matone nyuma.

Mwalimu hakulia. Alishuka, akaenda kukaa juu ya jiwe na mkoba wake mapajani. Lilipopita lori la kupanda, akalisimamisha mwenyewe.

"Ukifika Lushoto," akamwambia dereva, "mwambie Fundi Idrisa, mkabala na soko, Mwalimu Hidaya amekwama chini ya Soni. Aje na mafuta ya breki."

Nilitaka kusema mimi ni fundi na niko hapa.

Idrisa alifika kwa gari la mizigo lililokuwa linapeleka akina mama wa matunda gulioni Mombo. Wale akina mama wakashuka na wao, wakatoa pole zao, kisha wakakaa ukingoni kutazama. Idrisa akamsalimia Mwalimu, akanisalimia mimi, akalala chini nyuma ya gari. Akatazama matone yanakotoka. Akatoka, akasimama, akanipa spana.

"Kuna nati inavuja," akasema. "Ina doa jekundu. Njoo uikaze."

"Si uikaze tu wewe, uko hapo."

"Si yangu."

Nikaenda. Nikaweka spana, nati ikazunguka raundi mbili nzima kabla haijashika. Idrisa alinitazama nikizungusha. Kisha akamimina mafuta, tukatoa hewa kwenye breki, yeye pedalini na mimi gurudumuni, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kwa Fundi Shekigenda.

Nilidhani yamekwisha. Akalala tena chini, safari hii katikati.

"Nuhu," akaniita kutoka chini. "Nani alishusha propela?"

"Mimi. Nilipobadilisha klachi."

"Lini?"

"Kabla ya msiba wa Mlalo."

"Na gari lilishuka tambarare baada ya hapo?"

Mwalimu akajibu kwa niaba yangu, kutoka kwenye jiwe lake. "Halikushuka. Baada ya klachi sikushuka mpaka Jumapili."

Idrisa akasogea kando kunipisha. Kisha akasema, "Njoo uone mwenyewe."

Nikaingia chini, bega kwa bega naye. Mstari wangu mwekundu ulikuwepo. Nusu yake kwenye propela ilikuwa juu. Nusu yake kwenye kipande cha nyuma ilikuwa chini. Nilikuwa nimeirudisha propela kinyume, nikaikaza kinyume, na juu ya kila nati, nne zote, lilikuwepo doa langu, jekundu, safi, halijaguswa na mtu wiki nzima.

"Jana Mwalimu aliniomba nilitazame gari," Idrisa akasema kwa sauti ya chini, ili wale akina mama wasisikie. "Nikakataa. Nilimwambia chini mle kumejaa nyekundu, na nyekundu siifungui bila Nuhu. Nikamwambia pia akuvumilie, wewe ni fundi mzuri. Nimekosea kumwambia hivyo. Ningekuja nikakuita."

Laiti angenitukana! Angenitukana ningepata pa kushika. Kumbe kile kichwa alichotikisa pale langoni alikuwa ananilinda mimi, na lile tabasamu la Mwalimu lilikuwa la mtu aliyekubali kunivumilia siku moja zaidi.

Akaniwekea spana kifuani, akajivuta akatoka. Nilibaki peke yangu chini ya gari na nati nne. Kuzifungua, kuizungusha propela nusu duara, kuzikaza tena, haikuchukua hata robo saa. Siku tano za kuhangaika, na dawa ilikuwa robo saa.

Nilipotoka, Mwalimu alikuwa amesimama. Alikuwa ameelewa yote. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hukumfichi kitu kwa kunyamaza.

"Fundi," akasema, "umefungua kila nati ya buluu. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nyekundu hukufungua hata moja?"

"Hata moja," nikasema.

Hakupandisha sauti. Alitikisa kichwa, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Kumbe spana ya wivu haigusi nati ya mwenyewe."

Mmoja wa wale akina mama akapiga kofi. "Weee! Hebu rudia, Mwalimu!" Mwenzake akairudia kwa niaba yake, na mwingine akaitengenezea sauti ya kuimba. Mpaka wanarudi kwenye gari la mizigo walikuwa wameshaikariri, na wao ndio walioishusha Mombo siku ile pamoja na matunda yao.

Mwalimu aliingia kwenye gari lake. Nikashika mlango wa pembeni.

"Nipande tukalijaribu?"

"Hapana, Fundi. Nitalijaribu mwenyewe." Akawasha. Kisha akasema bila kunitazama, "Leo nilikuwa nampelekea mama jibu, nione kama atalikubali. Nililiandaa tangu siku barua ilipofika. Sasa sijui nitamwambia nini."

Akaondoka. Nilisimama barabarani nikisikiliza gari linavyoteremka kona kwa kona, injini imetulia, mpaka sikulisikia tena. Halikutetemeka tambarare, Mwalimu alimwambia Idrisa baadaye kwamba alifika hadi themanini, na usiku ule mama yake akalisifia gari wakipanda nalo.

Wiki iliyofuata shangazi aliitwa, akarudi na barua yangu mkononi. Iliambatana na maneno, na shangazi aliyasema yote kama alivyotumwa, bila kunipunguzia. "Mwambie Nuhu simchukii, na moyo wangu ulikuwa kwake. Lakini wivu wa wiki moja umenitolea breki mlimani. Ndoa ni ya miaka."

Hakuolewa na Idrisa, msiangaliane hivyo. Idrisa alikuwa na mke na watoto wawili tangu zamani, na mimi nilijua. Nilikula pilau ya harusi yake. Mwenye wivu husahau hata alichokula. Mwalimu alihamia Korogwe kuwa karibu na mama yake, akaolewa huko na mpima ardhi, na gari lile sikuliona tena gereji kwangu.

Wala msidhani wivu wangu uliishia kwenye zile kona. Ningewadanganya. Idrisa alikaa ng'ambo ya barabara miaka ishirini na sita baada ya hapo, na kila alipopata kitu kipya tumbo langu lilijikaza vile vile. Tofauti ni moja tu: likijikaza, nilikuwa naacha nilichoshika, nalala chini ya gari lililopo, naanza na nyekundu. Mara nyingi nilikuta kitu.

Siku moja, ulikuwa umepita mwaka na zaidi, nilishuka Mombo kununua vipuri. Gulioni nikawakuta wanawake wawili wa viazi wanazozana, mmoja anamwambia mwenzake gunia lake limejaa mawe. Yule wa pili akaweka mikono kiunoni, akacheka, akasema neno la Mwalimu Hidaya, lote, bila kukosea. Watu wakaangua kicheko. Akanigeukia mimi, mpita njia aliyekuwa karibu, mikono imejaa grisi, asiyenijua wala nisiyemjua.

"Au siyo, kaka?"

Ningeweza kupita tu. Nilisimama, nikalisema kwa mara ya kwanza kwa kinywa changu mwenyewe.

"Ni kweli, dada. Spana ya wivu haigusi nati ya mwenyewe."